Sentimita 4 za Altezza yangu

Kila mtu ana ugonjwa wake. Wapo wa viatu, wapo wa simu, wapo wanaokula hela ya mwezi mzima saluni halafu wanashindia chapati. Mimi ugonjwa wangu ni magari, tena siyo magari yote. Ni Altezza. Nyie wa IST na Vitz mtanisamehe, nawapenda, lakini moyo una kwake.

Kwa wasioijua, Altezza ni Toyota iliyouzwa Japani kuanzia 1998 mpaka 2005, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Ilipotoka tu ilibeba tuzo ya gari bora la mwaka nyumbani kwao. Saa za dashibodi zimechorwa kama saa ya mkononi ya kiume, na taa zake za nyuma ziliigwa na wauza vipuri dunia nzima mpaka jina la gari likageuka kuwa jina la taa. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, siyo ya mbele. Yangu ni AS200, nyeusi, silinda 6, cc 1988. Niliinunua 2016 kwa hela yangu mwenyewe, miaka 3 kabla sijaolewa. Hilo naomba ulishike, maana huko mbele ndiko maneno yalikoanzia.

Tangu siku ya kwanza nilitaka kuishusha. Altezza ilivyotoka kiwandani, kati ya tairi na ukingo wa madigadi kuna uwazi unaopitisha ngumi. Ule uwazi ndio unaotunyima usingizi watu wa magari. Uondoe, na gari ile ile, rangi ile ile, inakaa barabarani kama chui aliyejikunyata. Watu wanageuza shingo. Siyo siri, na mimi nilitaka wageuze shingo.

Wakati huo nilikuwa nakaa Sinza, nyumba ya kupanga, lami mpaka getini. Kilichonikwamisha kilikuwa hela tu. Hela ilipokuja kupatikana, bonasi ya kazini, mambo mengine yote yalikuwa yameshabadilika. Nina mume. Tumejenga Madale, ukiacha lami unatembea kilometa 1 na nusu ya udongo. Na mama mkwe yupo kwetu kutoka Iringa, ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, anapelekwa mazoezi ya viungo mara 2 kwa wiki. Anapelekwa na nini? Na Altezza, bila shaka. Mume wangu anatumia pikipiki ya ofisi.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: nishushe, nisishushe?

Walioanza mchezo huu

Mimi siyo mtu wa kukurupuka. Kabla sijamwona fundi nilisoma kwanza, nikakuta mchezo huu una historia tamu.

Wamarekani wenye asili ya Meksiko, pale Los Angeles, walikuwa wanalaza magari tangu miaka ya 1940. Walijaza mifuko ya mchanga kwenye buti ili gari ikae chini, wengine wakakata springi. Wakati vijana wengine wanashindana kwa spidi, wao walitaka kupita taratibu, gari inang'aa, familia imependeza, mtaa mzima uwaone. Kwa watu waliokuwa wanabaguliwa, kuonekana hivyo halikuwa jambo dogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 jimbo la California likawawekea sheria: gari isirekebishwe mpaka sehemu yake yoyote ikawa chini ya usawa wa chini wa rimu. Unajua walijibu vipi? Mwaka 1959 bwana mmoja anaitwa Ron Aguirre alifunga mitambo ya haidroliki kwenye Corvette yake. Akitaka inalala, akimwona polisi inanyanyuka. Ile sheria iliishi zaidi ya miaka 60. Ilikuja kuondolewa na sheria mpya iliyoanza kutumika Januari 1, 2024.

Wajapani nao wana ya kwao. Kwenye ukaguzi wao wa magari, gari ya kawaida inatakiwa iwe na angalau sentimita 9 kutoka ardhini. Chini ya hapo unaambiwa karekebishe, urudi.

Nilivyosoma haya nilifurahi, lakini kuna kitu kilinikaa kichwani. Barabara za Los Angeles ni lami, pana, zimenyooka. Na bado watu wa kule walitafuta namna ya kuinyanyua gari pale inapobidi. Mimi wa Madale, nikishalaza yangu, nitainyanyua na nini?

Fundi akanikalisha chini

Nilienda kwa fundi wangu Tabata. Huyu ni mtu mzima, ameshika spana tangu enzi za Corolla za kizamani, na hana tabia ya kukuuzia usichohitaji. Nikamwambia, "Fundi, nataka nishushe sentimita 4."

Akacheka. "Dada, njia zipo 3. Ya kwanza sifanyi."

Ya kwanza ni kukata springi. Mtu anachukua grainda, anaondoa mzunguko mmoja, anakurudishia. Ni rahisi, mtaani unaweza kufanyiwa kwa elfu 60. Shida ni kwamba springi ikipungua mizunguko inakuwa ngumu zaidi, na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake. Ukipita kwenye korongo tairi ikaning'inia, springi inaweza kuchomoka mahali pake. Wengine hawakati, wanaichoma moto mpaka ichuchumae. "Ile ni springi iliyokufa," fundi akaniambia. "Chuma cha springi kikishachomwa hivyo, ule uwezo wa kurudi hakina tena."

Ya pili ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Seti ya mtumba kutoka Japani aliniambia laki 4 na nusu. Lakini hapo kuna shokapu za kufikiria: shokapu ya kawaida ikifungwa springi fupi na ngumu inafanya kazi isiyoumbiwa, inakufa mapema.

Ya tatu ni koilova, yaani springi na shokapu vinakuja pamoja, na unaweza kupandisha au kushusha kwa kuzungusha nati. Bei yake milioni 1 na laki 8, kwa zile za maana.

Nikamuuliza swali ambalo kila mpenda magari analo: je, ni kweli gari iliyoshushwa inashika kona vizuri? Akasema kweli. Uzito ukikaa chini, gari haiegami sana ukikata kona, na uzito hauhami sana kutoka upande mmoja kwenda mwingine. "Lakini hiyo ni kwa barabara iliyolala kama meza. Springi inahitaji nafasi ya kujikunja. Ukiipunguzia nafasi, kwenye shimo inafika mwisho, inapiga ule mpira wa kuzuia. Hapo tairi haishiki tena barabara, inadunda."

Kisha akaingia chini ya gari, akaniita nichungulie. Altezza ina mikono 2 kwa kila tairi, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Ukiishusha, ile mikono inakaa pembe nyingine, na tairi inaanza kuinamia ndani kwa juu. Usipoenda kupima alaimenti na kurekebisha, tairi inaliwa upande wa ndani ambako huoni, mpaka siku unaona nyuzi. Taa za mbele nazo zinabadilika: ukishusha mbele zaidi zinamulika karibu na miguu yako, ukishusha nyuma zaidi zinawachoma macho wanaokuja.

Niliwauliza na watu wa bima, maana yangu ni bima kubwa. Wakala akanijibu kwa ufupi: ukibadilisha gari, tuambie kwa maandishi kabla, siyo baada ya ajali.

Haya yote hayakunikatisha tamaa, niseme ukweli. Kila moja lina dawa yake, na dawa yenyewe ni hela. Unanunua koilova, unapima alaimenti, unarekebisha taa, unawaandikia bima. Mpaka hapo nilikuwa bado nashusha.

Nikachukua futi

Jumamosi moja asubuhi nilichukua futi ya kupimia nguo, nikaanza kupima. Mume wangu alikuwa anakunywa chai barazani, ananiangalia nimelala chini ya gari na khanga, hasemi kitu.

Sehemu ya chini kabisa ya gari yangu ni ekzosi. Kutoka pale mpaka ardhini, gari ikiwa tupu, sentimita 14. Nikawaita wakae ndani: yeye, mdogo wake, na jirani na mwanae. Ikashuka mpaka 11 na nusu. Nikatoka kwenda kupima tuta la mtaa wetu, lile wananchi walilojenga wenyewe kwa mawe na simenti kuwazuia bodaboda. Sentimita 9.

Sasa piga hesabu na mimi. Nikishusha sentimita 4, gari tupu inabaki na 10. Kwenye ukaguzi wa Japani ningepita, tena nina sentimita 1 ya akiba. Lakini nikipakia watu inabaki na 7 na nusu, na tuta langu ni 9. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma Altezza ina sentimita 267, kwa hiyo tairi za mbele zikishavuka tuta jembamba kama lile, tumbo la gari ndilo linalobaki juu yake. Ekzosi ingekuwa inasalimiana na yale mawe kila siku, kwenda na kurudi. Na hapo sijasema habari za masika, udongo unapochimbika mistari 2 na katikati kunabaki mgongo.

Kipimo cha mwisho sikukipanga. Mama alitoka nje na gongo lake, akauliza mnapima nini. Nikamsaidia kukaa kwenye kiti cha mbele kama kawaida yetu: kwanza anarudi kinyumenyume mpaka aguse kiti, anakaa, kisha miguu inaingia pamoja. Daktari alisisitiza kwamba miezi ile ya mwanzo nyonga isishuke chini ya goti, ndiyo maana tunaweka mto mgumu. Nikapima kutoka ardhini mpaka kwenye kiti bila mto. Sentimita 46. Nikishusha, 42.

Kwako wewe na mimi sentimita 4 ni upana wa vidole viwili. Kwa mtu anayejifunza upya kukaa na kusimama, ni mlima.

Tukakaa mezani

Usiku ule nilimwambia mume wangu tuongee. Akasema, "Gari ni yako. Wewe ndiye unayeamua."

Wanawake wenzangu, mnaijua hiyo sentensi. Inaweza kuwa ruhusa, na inaweza kuwa mlango umefungwa taratibu. Nikamwambia sitaki jibu hilo, nataka anisikilize. Nikamweleza kitu ambacho hata mimi sikuwahi kukisema kwa sauti. Tangu tuoane kila kitu kimekuwa chetu, na nimefurahi kiwe chetu. Kiwanja chetu, nyumba yetu, mkopo wetu, mama yetu. Lakini ile Altezza ilinikuta nikiwa msichana wa Sinza mwenye mshahara wake na ndoto zake. Kila nikikaa nyuma ya usukani namkuta yule msichana. Nikiambiwa sasa ni gari la kubebea mgonjwa na gunia la mkaa, nahisi kama yeye ndiye anayeambiwa ashuke.

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani kakasirika. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

Akasema, "Basi ishushe. Mama nitamkodia teksi. Kwenda na kurudi ni elfu 40, mara 2 kwa wiki, laki 3 na elfu 20 kwa mwezi. Nitaacha mpira wa Jumapili na yale mambo ya baada ya mpira, itatosha."

Mnajua mimi nilijiandaa kugombana? Nilikuwa na hoja zangu zote mkononi kama mwanasheria. Sikujiandaa kupewa. Mtu anayependa mpira kuliko wali, anataka kuuacha ili gari yangu ilale sentimita 4. Hapo ndipo nilipojua kwamba amenisikia. Na nilivyojua amenisikia, kile kitu kilichokuwa kinanisukuma kikapungua nguvu. Nilitaka kushusha gari, ndiyo, lakini zaidi nilitaka mtu mmoja ndani ya nyumba ile aelewe kwa nini.

Asubuhi yake mama mkwe naye akaniita. Nyumba yetu haina dari bado, maneno ya usiku yanasafiri. "Mwanangu," akasema, "gari ni yako, uliitafuta mwenyewe. Usininyimie raha yako. Mimi nitashika mlango, nitashuka polepole." Nikamjibu, "Mama, wewe pona kwanza. Gari haiendi popote."

Ndivyo nilivyoamua. Hakuna aliyenikataza. Wote 2 walinipa ruhusa, na ruhusa ilipokuja mkononi nikaona naweza kuiweka kabatini.

Hela nilifanyia nini

Sikuirudisha benki, msinitanie. Nilirudi kwa fundi nikamwambia tufanye gari iwe nzima kwanza. Tukafunga shokapu mpya 4 za kimo cha kiwandani, bushi za mikono zilizokuwa zimekwisha, boli joint 2, tairi 4 mpya, na alaimenti. Jumla haikufika milioni 1 na laki 4, pungufu ya koilova peke yake.

Na hapa nina habari kwa kila mwenye gari ya Kijapani yenye miaka zaidi ya 20. Ile gari kuelea ukikimbia, kuyumba ukikata kona, kugonga kila shimo, mara nyingi siyo kwa sababu iko juu. Ni kwa sababu shokapu zimechoka na bushi zimeisha. Siku nilipoitoa gereji nikaipitisha barabara ya Bagamoyo, nikakata kona ya kuingia Tegeta, nikacheka peke yangu. Imetulia ile mbaya. Na mama alipopanda Jumanne yake akasema, "Leo gari imekuwa ya bosi." Hajui shokapu ni nini, lakini nyonga yake inajua.

Kuhusu kushusha, tumeandika makubaliano kwenye simu, yangu na yake. Mama akishapona akarudi Iringa, na lami ikifika mtaani au tukiamua kuwa na gari nyingine ya shughuli za nyumbani, Altezza itashuka sentimita 2 na nusu, siyo 4, kwa koilova, hakuna kukata. Na yeye mwenyewe ndiye atakayenipeleka kwa fundi. Nimeipiga picha ile meseji.

Wewe ambaye hela unayo na roho inakutuma, siwezi kukuambia usishushe. Kama unakaa Masaki, unapanda mwenyewe, njia yako ni lami tupu, shusha bwana, ila kwa springi za kazi hiyo, na bima wajue. Lakini kama kuna mtu unampakia, kimo cha gari yako hakipangwi na macho ya watu wa barabarani. Kinapangwa na barabara mbaya kuliko zote unazopita, na abiria dhaifu kuliko wote uliokubali kumbeba. Pima vyote viwili kabla ya kumwona fundi. Futi ya fundi cherehani ni bei ya soda. Pima mkiwa wawili, kisha mkae mezani, na kila mmoja aseme kinachomuuma kweli, siyo springi tu.